Watu Kumi Ulingoni: Maoni ya Mashabiki wa Mieleka ya Japani kama Ushahidi wa Historia

Mwanafunzi wa historia anapoandika juu ya soka, kazi yake huanza na matokeo. Timu fulani ilishinda mabao mawili kwa moja, tarehe fulani, katika uwanja fulani. Mashabiki wanaweza kubishana hadi usiku wa manane kama bao la pili lilikuwa halali, lakini kitabu cha matokeo hakibadiliki. Mieleka ya kulipwa haina msingi huo. Mshindi hupangwa kabla watu hawajakaa vitini, na kila mtu mzima ukumbini analijua jambo hilo. Orodha ya washindi inatueleza kile waandaaji walichoamua chumbani. Haituelezi kile kilichotokea ukumbini. Kilichotokea ukumbini ni kwamba watu walipenda au hawakupenda, walisimama au walikaa kimya, walirudi mwezi uliofuata au hawakurudi.

Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba maoni ya mashabiki ni ushahidi wa historia unaostahili kuchunguzwa kwa makini sawa na waraka wa serikali. Mfano wangu ni aina moja tu ya pambano: lile la wanamieleka wa uzito mwepesi wa Japani wanaopigana kwa vikundi vya watu watatu, wanne au watano kila upande. Nitafuata mapambano matatu, la Tokyo mwaka 1996, la Philadelphia mwaka 1997 na la Chicago Ridge mwaka 2006. Nimechagua mfano wa mbali makusudi. Hapa Rwanda kila mmoja wetu ana lake la kusema kuhusu ushahidi wa mdomo wa kwetu, na mara nyingi moyo hutangulia akili. Japani inaturuhusu kuitazama njia yenyewe bila kuogopa.

Kwanza niseme mchezo huu ulitoka wapi. Mieleka ya kulipwa ilikuwa imewahi kuonyeshwa Japani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini aliyeifanya kuwa ya taifa ni Rikidozan, mzaliwa wa Korea aliyekuwa amecheza sumo kabla ya kugeukia mieleka. Tarehe 19 Februari 1954, katika ukumbi wa Kuramae jijini Tokyo, yeye na mwanajudo Masahiko Kimura walipambana na ndugu wawili kutoka Kanada, Ben na Mike Sharpe. Televisheni ilikuwa kitu kigeni na ghali, kwa hiyo umati ulikusanyika mitaani mbele ya seti zilizowekwa hadharani. Ni jambo la kuzingatia kwamba pambano lililoifungulia mieleka mlango wa nyumba za Wajapani lilikuwa la watu wawili kwa wawili, wenye kupokezana kwa kugusana mikono. Mchezo ulianza kama kazi ya kikundi.

Baada ya kifo cha Rikidozan mwaka 1963, wanafunzi wake Antonio Inoki na Giant Baba walikuja kuanzisha kampuni zao, zote mbili mwaka 1972. Miili mikubwa ndiyo iliyotawala. Wanamieleka wadogo walipata nafasi yao polepole. Mwaka 1978 Tatsumi Fujinami alitwaa mkanda wa uzito mwepesi jijini New York. Tarehe 23 Aprili 1981 kijana aliyevaa barakoa ya chui milia, aliyeitwa Tiger Mask kwa jina la shujaa wa katuni, alipambana na Mwingereza Dynamite Kid. Chini ya barakoa alikuwamo Satoru Sayama. Kuanzia hapo watoto wa Japani walijua kwamba mtu mdogo mwenye kasi anaweza kujaza ukumbi.

Lakini pambano la vikundi vikubwa lilikuja kwa njia nyingine, kutoka Mexico. Kule, watatu kwa watatu ni jambo la kila wiki, na kanuni ni nyepesi: mwanamieleka akitoka nje ya ulingo na kugusa sakafu, mwenzake anaruhusiwa kuingia mara moja bila kugusana mkono. Kanuni hii ndogo hubadilisha kila kitu. Hakuna kungoja. Mmoja akianguka upande huu, mwingine ameshapanda kamba upande ule. Gran Hamada, Mjapani mfupi aliyepelekwa Mexico katika miaka ya 1970, alijifunza mtindo huo na kuupata umaarufu huko. Mwaka 1990 kampuni iitwayo Universal ilianza kuuonyesha nchini Japani, na miongoni mwa vijana walioanzia humo alikuwa Masanori Murakawa, anayejulikana zaidi kama The Great Sasuke.

Mwaka 1993 Sasuke alifanya jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulifikiria. Aliondoka Tokyo na kuanzisha kampuni kwao, kaskazini mashariki, eneo ambalo jina lake la kale ni Michinoku. Kampuni ikaitwa Michinoku Pro na ikazunguka katika kumbi ndogo za miji ya kaskazini. Haikuwa na pesa za kuleta majina makubwa kutoka Marekani. Ilikuwa na vijana wepesi, barakoa, ucheshi, na ile kanuni ya Mexico. Wapinzani wakuu wa Sasuke walijiita Kaientai, jina lililochukuliwa kutoka kwenye historia: ndilo lililobebwa mwaka 1867 na kundi la biashara na meli la Sakamoto Ryoma, mmoja wa watu waliosaidia kuuangusha utawala wa Tokugawa. Mashabiki wa Japani hawakuhitaji kufafanuliwa. Waliposikia jina hilo walijua hawa ni vijana waliokusudia kupindua mambo.

Tarehe 10 Oktoba 1996 kampuni hii ndogo ya mkoani ilikodi Ryogoku Kokugikan, ukumbi mkuu wa sumo jijini Tokyo. Katika pambano linalokumbukwa zaidi la usiku ule, upande wa Kaientai walikuwapo Dick Togo, TAKA Michinoku, Mens Teioh, Shiryu na Funaki. Upande wa pili walisimama Gran Hamada, Super Delfin, Gran Naniwa, Tiger Mask wa nne na Masato Yakushiji. Watu kumi. Hamada alikuwa na miaka 45, na Naniwa, aliyevaa barakoa ya kaa na kutembea upande upande juu ya kamba kama kaa, alikuwa bado hajafikisha 20.

Sasa nije kwenye maoni yenyewe. Kwa miaka karibu 30 mashabiki wamebishana juu ya pambano hili na mengine ya jamaa yake. Nikiyapanga maoni niliyoyasoma na kuyasikia, naona makundi matatu.

Kundi la kwanza linasifu kasi. Linasema hakuna dakika iliyopotea, kwamba kila mmoja wa wale kumi alipewa nafasi ya kuonyesha alichonacho, na kwamba Kaientai walitembea kama kikosi kilichofanya mazoezi pamoja hadi wakawa mwili mmoja. Kundi la pili linakosoa. Linasema ile ni sarakasi: mtu anaangushwa kichwa chini, kisha baada ya sekunde kumi anaruka tena kana kwamba hakuumia, na refa hana kazi. Kwa kundi hili, mieleka ni hadithi ya maumivu na uvumilivu, na hadithi haiwezi kusimuliwa na watu kumi wanaosema kwa pamoja. Kundi la tatu, ambalo mimi naliona kuwa lenye jicho la fundi, haliulizi nani aliruka juu zaidi. Linauliza nani alimpokea aliyeruka. Hapo ndipo jina la Dick Togo hutajwa. Togo ni mfupi, mnene, mwenye mabega mapana. Wepesi wote wa wenzake ulitegemea mtu kama yeye, anayesimama mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, ili mwenzake asivunjike shingo.

Makundi haya matatu hayabishani juu ya ladha tu. Yanabishana juu ya mieleka ni nini. Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliandika kwamba mtazamaji wa mieleka hajali kama pambano limepangwa, kwa sababu anachokuja kukiona ni hisia inayoonekana wazi: maumivu, kushindwa, haki. Kundi la pili lingemkubali Barthes neno kwa neno. Kundi la kwanza lingemjibu kwamba furaha nayo ni hisia, na kwamba watu kumi wakiruka kwa zamu wanaionyesha furaha waziwazi kuliko mtu mmoja anavyoonyesha uchungu. Mimi nakubaliana na jibu hili, ila nadhani furaha hiyo isingekuwapo bila kazi ya wapokeaji.

Lakini je, maoni hayo yametufikiaje? Jan Vansina, aliyefanya utafiti wa masimulizi hapa Rwanda na Burundi miaka ya 1950 baada ya kuwa miongoni mwa Wakuba wa Kongo, alitufundisha kwamba ushahidi wa mdomo una mnyororo. Kabla ya kuuliza kama ni kweli, uliza umepitia mikono ya nani. Maoni ya mieleka ya Japani yana mnyororo wake. Waliokuwa ndani ya ukumbi walisema lao palepale kwa makofi na sauti. Magazeti ya mieleka ya Japani yakachagua picha na maneno. Kisha kanda za video zikanakiliwa na kupelekwa kwa posta hadi Marekani na Ulaya, nakala ya nakala, picha ikififia kila mara, zikitazamwa na watu wasiojua Kijapani. Mtu aliyeipata kanda ya namna hiyo alikuwa ameilipia na kuingoja. Alikuwa na sababu ya kuipenda kabla hajaiona. Vilevile, hakuielewa sauti ya mtangazaji, kwa hiyo ucheshi na historia ya ugomvi kati ya wahusika vilimpita, akabaki na miruko. Naamini hiyo ni sababu moja ya mashabiki wa nje kuliona pambano hili kama la kasi tu, wakati mtazamaji wa kaskazini ya Japani aliwajua wale watu kumi tangu kwenye kumbi ndogo za mji wake.

Ushahidi usiopita katika mnyororo mrefu ni sauti ya ukumbi. Hapa pambano la pili linatusaidia. Tarehe 13 Aprili 1997, kampuni ya ECW ya Philadelphia ilifanya onyesho lake la kwanza la kulipiwa kwenye televisheni. Ukumbi wake ulikuwa wa kuchezea bingo, na mashabiki wake walijulikana kwa ukali. Wasiompenda walimzomea mbele ya uso wake. Siku hiyo Sasuke, Hamada na Yakushiji walipambana na TAKA, Togo na Teioh. Hamada alikuwa na miaka 46, mara mbili kamili ya umri wa TAKA. Mashabiki wengi wa ukumbi ule walikuwa wamewazoea watu wenye damu usoni na viti mikononi. Katika kanda unasikia ukumbi unaanza kwa udadisi, kisha unapanda, na kufikia mwisho, Sasuke alipomshinda TAKA, kelele ni za watu waliosadikishwa. Hakuna mwandishi wa gazeti aliyewaandikia kelele ile.

Muhula uliopita niliwaonyesha wenzangu wawili wa bwenini pambano hilo kwenye simu. Hawajui lolote kuhusu Japani. Mmoja alilalamika baada ya dakika tano: “Huyu refa amelala?” Wa pili hakumjibu. Alikuwa akimtazama Togo. Baadaye akasema, “Huyo mnene ndiye fundi. Kila anayeruka anaangukia kwake.” Sikuwa nimewaeleza chochote. Wamarekani walibishana juu ya jambo hilohilo kwa miaka mingi, na hapa limezuka upya katika chumba kimoja kwa dakika chache. Mabishano yanayozuka yenyewe mbele ya watu wasiojuana yanatuambia kwamba chanzo chake kimo ndani ya pambano lenyewe. Hayakuletwa na mazoea ya kundi fulani la mashabiki.

Wahenga wetu wa Kiswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Historia ya Kaientai baada ya 1997 ni maelezo ya methali hiyo. Sifa zile za Philadelphia na za kanda za video ziliwafikia wenye pesa. Shiryu alikwenda kampuni ya WCW, akitumia jina lake Kaz Hayashi. TAKA, Togo, Teioh na Funaki waliingia WWF, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote. Desemba 1997 TAKA alipewa mkanda wa uzito mwepesi. Lakini kufikia mwaka 2000 yeye na Funaki walikuwa wakiletwa mbele ya kamera kama kichekesho: midomo yao ilitembea, na sauti ya Kiingereza ya mtu mwingine ikawekwa juu yake kwa makusudi isilingane, kama filamu ya zamani iliyotafsiriwa vibaya. Kazi ya Funaki ilikuwa kuongeza neno moja mwishoni. Watazamaji wengi walicheka, na ni lazima tuandike kwamba walicheka, maana kicheko nacho ni maoni. Lakini mashabiki walioiona Ryogoku mwaka 1996 waliandika kwa uchungu. Walikuwa wamewaona watu haohao wakiongea kwa miili yao bila kuhitaji mkalimani.

Huko Michinoku Pro nako pengo lilikuwa wazi. Kikosi kilichozoeana kwa miaka hakijengwi upya kwa kuajiri. Maoni ya mashabiki yaliwapandisha vijana wale, na kwa kuwapandisha yakachangia kulitawanya kundi ambalo ndilo lililopendwa.

Hata hivyo mbegu ilibaki. Último Dragón, mwanamieleka mwingine wa Kijapani aliyejengwa na Mexico, alifungua shule yake huko mwaka 1997. Wanafunzi wake waliunda kampuni ambayo mwaka 2004 ilichukua jina la Dragon Gate. Tarehe 31 Machi 2006, karibu na Chicago, sita kati yao walipambana katika onyesho la Ring of Honor: Dragon Kid, Genki Horiguchi na Ryo Saito dhidi ya CIMA, Naruki Doi na Masato Yoshino. Dave Meltzer, mwandishi wa jarida la mieleka ambaye alama zake za nyota hufuatiliwa na mashabiki duniani, alilipa pambano hilo nyota tano. Kile ambacho mwaka 1996 kiliitwa sarakasi na wengine, sasa kilikuwa kipimo cha wengine kupimwa nacho. Lakini nyota hizo tano hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitolewa kwa kizazi cha watazamaji kilicholelewa na kanda zilezile zilizofifia. Maoni ya mwaka 1996 ndiyo yaliyowaandaa watazamaji wa mwaka 2006.

Hapa nafikia jambo ambalo naliona zito kuliko yote. Maoni ya mashabiki hayaelezi historia tu, yanaisukuma. Mwanamieleka anayesikia ukumbi ukisimama anapopaa, usiku unaofuata atapaa juu zaidi. Tarehe 5 Agosti 1996, miezi miwili kabla ya lile pambano la watu kumi, Sasuke alivunjika fuvu la kichwa akishindania mikanda minane kwa pamoja. Alimaliza pambano na kushinda. Dynamite Kid, yule aliyefungua mlango mwaka 1981, aliishi miaka yake ya mwisho katika kiti cha magurudumu hadi kifo chake mwaka 2018. Sisemi kwamba makofi ndiyo yaliyowavunja. Kila mtu alikuwa na hiari yake, na kulikuwa na waandaaji waliopata faida. Lakini mwanahistoria anayeyanukuu makofi kama ushahidi wa ubora anapaswa kuyaandika pia katika safu ya sababu. Wengi wape, husema watu. Katika mieleka wengi walipewa, na waliowapa walilipa kwa miili yao.

Kwa sababu hiyo naliheshimu zaidi lile kundi la tatu la mashabiki, lililomtazama mpokeaji. Maoni yao yana faida mbili. Kwanza, yanatuonyesha kazi ambayo orodha ya washindi haiwezi kuionyesha, kwa sababu mpokeaji mzuri hutoweka ndani ya mruko wa mwenzake. Pili, yanasifu uangalifu, na shabiki anayesifu uangalifu anamwomba mwanamieleka arudi nyumbani mzima.

Gran Naniwa, kaa wa barakoa, alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 33. Hakuwahi kuwa jina kubwa nje ya Japani, na anayesoma orodha ya mabingwa atampita bila kusimama. Anapatikana katika maoni ya watu waliomwona akitembea upande upande juu ya kamba, wakacheka, kisha wakawaeleza wengine. Sisi tunaojifunza historia katika nchi ambazo mengi hayakuandikwa tunaijua thamani ya ushahidi wa namna hiyo. Kazi yetu ni kuuliza nani alisema, alikuwa wapi aliposema, alisikia kutoka kwa nani, na alitaka nini. Tukishauliza hayo, makofi ya ukumbi yanaweza kusomwa kama waraka mwingine wowote.